Risasi Iliyoteleza Mno

Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja hapa nyumbani Lulindi. Jina lake nalisitiri, maana mama yake ni jirani yangu na bado tunaazimana chumvi. Alikuwa ametoka chuoni, amevaa sare mpya ya askari wa wanyamapori, viatu vinang'aa. Akatoa risasi moja mfukoni, akaisimamisha kiganjani, akaniambia kwa heshima zote, "Bibi, hii yote ndiyo inayokwenda kumpiga nyati."

"Yote?"

"Yote, Bibi."

Nikamuuliza, kama yote inakwenda kwa nyati, mimi miaka yote ile kule Newala nilikuwa nakusanya maganda ya nini? Ya karanga? Akainama akatazama viatu vyake. Nilimkaribisha chai, nikacheka mpaka ikanipalia, na alipoondoka nikasema afadhali niandike. Sitawafundisha kulenga, maana mimi sikuwa askari. Nilikuwa mtunza ghala la risasi katika ofisi ya wanyamapori ya wilaya, na mengi niliyojifunza humo ni ya kuchekesha, isipokuwa moja. Hilo moja lilitaka kumpokonya mkulima mmoja mikono yake, na kisa chake ni risasi iliyoingia kwenye bunduki vizuri mno.

Nitaanza na nilivyoingia. Mimi ni mtoto wa misheni, nilisomea cherehani. Nilipelekwa Newala kushona mahema na kutia viraka sare za askari. Basi zikaja zile enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara na kila mtu akaona duka, na mtunza ghala wetu akaacha kazi akaenda kuuza mitumba. Mkuu wa ofisi akatazama huku na huku, akaniona mimi na sindano yangu, akanipa funguo. Alisema mtu anayeweza kutunza sindano hawezi kupoteza risasi. Naona alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Aliyenifundisha ni Mzee Chilumba, askari mkubwa kuliko wote pale, Mmakonde wa hapo hapo Newala, mwembamba, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ingawa hakuwahi kufuga hata mmoja. Tangu siku ya kwanza aliniita Sista. Nilimwambia nina mume na watoto, mimi ni Mama Tekla. Akasema, "Sawa, Sista." Nami nikawa namjibu kwamba Wamakonde, watu waliopanda mlima wakayaacha maji bondeni hawana haki ya kumcheka mtu yeyote. Tuliishi hivyo, na kazi ilikwenda.

Somo lake la kwanza alinipa mezani, kwa risasi ya zamani iliyokuwa imefunguliwa na wataalamu ili itumike kufundishia. Akasema humu mna wanne. Ganda, ndiyo nyumba yenyewe, ya shaba. Kitakoni pake, katikati, kuna kidoa cha mviringo kama kifungo cha shati la mtoto: hicho ni fataki. Ndani ya ganda kuna baruti. Na juu, mlangoni, kimebanwa kichwa. Pini ya bunduki inagonga fataki, fataki inatoa cheche, cheche inawasha baruti, baruti inageuka moshi na moto unaotafuta pa kutokea, na pa kutokea ni pale alipokaa kichwa. Kichwa kinakwenda. Ganda linabaki. Mwanangu wa viatu, umesikia? Linabaki.

Kisha akanionyesha aina. Risasi ndefu nene, za tembo na nyati, zina kichwa kilichovikwa koti gumu mwili mzima, ili kipenye mfupa bila kubadilika umbo. Nyingine ncha yake imeachwa wazi, laini, ikifika inatanuka. Ukimpelekea tembo hiyo laini umemkasirisha tu. Halafu kuna zile ndogo, ndogo kabisa, za kuulia sungura, ambazo ukizigeuza kitako huoni fataki. Askari mmoja mgeni aliwahi kunirudishia boksi zima, kaniandama nusu saa kwamba kiwanda kimetuibia fataki. Nilimwacha amalize. Kwa zile ndogo, dawa ya fataki imepakwa ndani ya ukingo wa kitako, kuuzunguka wote, na pini inagonga pembeni badala ya katikati. Hakuna aliyeibiwa. Alinywa maji, akaondoka, na tangu hapo alikuwa mpole sana kwangu.

Lakini risasi zilizotusumbua hazikuwa hizo. Zilikuwa za marisau.

Bunduki ya marisau ndiyo bunduki ya mkulima. Vijiji vyetu vingi vilikuwa na moja, ya mtutu mmoja, ya kukunja katikati, anakabidhiwa mtu mmoja mwaminifu aifukuzie nguruwe pori kwenye mihogo. Hiyo risasi yake haina kichwa kimoja. Ndani, juu ya baruti, kuna kizibo, na juu ya kizibo kuna marisau, vipira vidogo vya madini. Vya kanga ni vidogo kama mtama, vya nguruwe ni vikubwa, vinahesabika. Kitako ni cha shaba, ila mwili, enzi zile, ulikuwa wa karatasi ngumu.

Karatasi, wanangu. Na Newala. Mtu ambaye hajaishi Newala hawezi kuelewa uonevu huu. Maji ya kunywa unashuka mlima kuyatafuta, unarudi na ndoo kichwani magoti yanalia, lakini ukungu wa kuharibu risasi unaletewa mpaka kitandani, bure. Ukungu huo ukishapanda kutoka bonde la Ruvuma unaingia chini ya milango, unakaa ghalani, na risasi ya karatasi inavimba. Ikivimba haiingii kwenye mtutu, au inaingia kwa kusukumwa, na kutoka hapo ganda linang'ang'ania. Ndiyo maana niliweka maboksi juu ya mbao, mbali na ukuta, na kila jua likitoka nilifungua madirisha. Mafuta sikugusisha. Mkuu wetu mmoja aliwahi kuamuru tuzipake mafuta zing'ae kwa ajili ya mgeni. Mafuta yakapenya mpaka kwenye fataki, mgeni akakaribishwa apige ya heshima, akabonyeza, ikasema *tek*. Akabonyeza tena, *tek*. Mgeni alikuwa mstaarabu, alisifu ukimya wa bunduki zetu.

Walinzi wa vijijini, ndio hao waliokabidhiwa bunduki, hawakuwa na ghala. Walizitunza darini, juu ya jiko, pale mnapokaushia mahindi ya mbegu, na Mzee Chilumba aliwapa kanuni rahisi. Alizunguka kijiji baada ya kijiji akiisema, hata watoto waliijua: risasi inayoteleza ndiyo kavu. Kabla ya kwenda shambani, jaribu zako moja moja mtutuni. Inayokataa, irudishe darini. Inayoingia kwa kusitasita, iache kwanza. Inayoteleza yenyewe kama imeitwa, hiyo ndiyo ya kumwamini.

Kanuni ilikuwa nzuri. Iliokoa watu wengi na aibu nyingi.

Kulikuwa na utaratibu mwingine ambao ninyi mtaucheka. Mlinzi akitaka risasi mpya, alituletea ganda tupu na mkia wa nguruwe. Mkia unaonyesha nguruwe amekufa, ganda linaonyesha risasi haikuuzwa. Ghala langu lilinuka, siwadanganyi. Waislamu waliniletea mikia wameishika kwa majani, mkono umenyooshwa mbali, uso umegeuzwa, na Mzee Chilumba, Mwislamu mwenyewe, alikuwa akiwaambia, "Mpeni Sista, huyo ndiye mwenye mnyama. Sisi tunaua, wao wanakula, ndiyo ushirikiano." Mmoja alijaribu kuniletea mkia wa mbuzi uliopakwa masizi. Nilimwambia ampe pole huyo nguruwe kwa kuota manyoya ya mbuzi uzeeni.

Nami, kwa kuwa cherehani yangu ilikuwa bado ipo, niliwashonea walinzi mikanda ya turubai ya kuvaa begani, yenye vitanzi vya kuchomekea risasi. Kila kitanzi nilikipimia risasi namba kumi na mbili, maana bunduki zote za vijiji vyetu zilikuwa za namba hiyo. Niliona fahari. Risasi ilikaa humo hata ukiuning'iniza mkanda kichwa chini.

Hii namba nayo nitaieleza, kwa sababu ndimo tulimopotelea. Kwenye raifali mnasoma upana wa mtutu, na namba ikiwa kubwa mtutu ni mpana. Kwenye marisau ni kinyume. Kumi na mbili maana yake ni kwamba vipira kumi na viwili vinavyoenea mtutu huo ndivyo vinavyotimiza ratili moja, karibu nusu kilo. Ishirini maana yake vinahitajika ishirini, kwa hiyo kila kimoja ni kidogo, na mtutu ni mwembamba. Ishirini ni ndogo kuliko kumi na mbili. Nililisema hilo mara nyingi maishani na kila mara mtu alinitazama kama nimekunywa.

Sasa, ruksa ilipokolea, mfanyabiashara mmoja mjini Masasi alipata leseni ya kuuza risasi. Hatukuwa tena peke yetu. Mkulima aliyeuza korosho zake vizuri na ana kibali aliweza kwenda mwenyewe akanunua, bila ganda, bila mkia, bila maneno yangu. Na zilikuwa risasi nzuri kutazama: za plastiki, nyekundu, kijani, buluu, njano. Plastiki haivimbi. Sisi ghalani tulizionea wivu.

Mmoja wa walionunua alikuwa Ismaili, tuliyemwita Baba Zuhura, mlinzi wa kitongoji kimoja chini ya ukingo wa mlima, upande wa bondeni. Mtu makini, mpole, mwanafunzi bora wa Mzee Chilumba. Mwaka ule nguruwe walikuwa wamekula mihogo ya kitongoji kizima hadi watu wakawa wanachimba mizizi michanga, na msako ulikuwa umepangwa. Baba Zuhura alifika dukani Masasi na bunduki yake. Mwenye duka, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiuza sabuni, alimuuliza anataka zipi. Akajibu alichofundishwa: anataka kavu. Akazijaribu moja moja mtutuni. Nyekundu iliingia vizuri. Njano iliteleza ikakaribia kupotelea ndani, akaiwahi kwa kucha. Akauliza na namba. Mwenye duka akasoma kitako, akamwambia nyekundu ni kumi na mbili, njano ni ishirini. Ishirini, namba kubwa kuliko kumi na mbili, na inateleza namna ile. Wote wawili wakakubaliana kwamba njano ndiyo bora, akanunua njano nyingi, nyekundu chache.

Haya yote niliyajua baadaye. Nilichokijua kwanza ni kwamba asubuhi ya msako, Mama Zuhura alipanda Newala kwa shughuli zake, akapiga hodi ghalani na ule mkanda mkononi.

"Mama Tekla," akasema, "sikusemi vibaya, lakini mkanda wako umelegea. Risasi zinadondoka njiani. Baba Zuhura ameuacha, amezitia mfukoni."

Mnajua fundi akiambiwa kazi yake imelegea. Nikamwambia turubai langu halilegei. Nikachukua risasi ya kumi na mbili kutoka kwenye boksi, nikachomeka. Ikakaa. Nikaupindua mkanda, ikakaa. Nikamtazama kwa ushindi.

"Hiyo inakaa," akasema kwa upole. "Zinazodondoka ni hizi." Akafungua pindo la khanga akanipa moja, ya njano.

Niliishika tu nikajua ni nyembamba. Nikageuza kitako nikasoma ishirini. Mzee Chilumba alikuwa mlangoni, ameshaanza kusema kitu kuhusu ushonaji wa misheni. Nikampa. Akasoma kitako, utani ukaishia hapo.

"Ameondoka na hizi?" akauliza.

"Ndiyo, Mzee. Na nyingine chache nyekundu. Msako umeshaanza."

Sikumuuliza Mzee anawaza nini, maana nilikuwa nawaza hilo hilo. Ishirini ukiitia kwenye mtutu wa kumi na mbili haibaki mlangoni. Inateleza ndani, inakwenda kukwama mbele kidogo, mahali mtutu unapoanza kusinyaa. Ukifungua kutazama, unaona patupu. Unadhani hukutia. Unatia nyingine, ya kumi na mbili, nyuma yake. Ukipiga, moto unatafuta pa kutokea, na pa kutokea pamezibwa. Mtutu unapasuka hapo hapo, mbele ya uso, juu ya kiganja cha mkono wa kushoto.

Tulipanda pikipiki ya ofisi watatu, Mzee mbele, Mama Zuhura katikati, mimi nyuma. Siku hizi mnaita mishikaki na kuona mmegundua ninyi. Njia ya kushuka ukingoni ni mchanga na mawe. Tulipofika nusu, Mama Zuhura akaniuliza, "Mama Tekla, hiyo njano ni sumu?" Nikamwambia si sumu, ila haimfai. Niliogopa, nasema kweli.

Kelele tulizisikia kabla ya kuona watu: madebe, mbwa, vijana wakipiga mayowe kichakani, wakiwasukuma nguruwe watokee upande wa mihogo. Na pale uwazini, kitako cha bunduki kimeegemezwa begani vizuri kama alivyofundishwa, alisimama Baba Zuhura, tayari kupiga.

Mzee aliita. Ile sauti yake yote, mara mbili. Madebe yakaimeza. Kichaka kikatikisika, nguruwe wa kwanza akatokeza pua.

Basi Mzee Chilumba, mtu aliyetufokea maisha yake yote kwamba asionekane kiumbe mwenye miguu miwili mbele ya mtutu, aliingia uwazini akasimama kati ya nguruwe na bunduki, akainua mikono juu. Baba Zuhura akashusha bunduki kwa hofu. Nguruwe wakapita kulia na kushoto, jike moja kubwa likamkumba Mzee kwenye paja akakaa chini, na wote wakaishia bondeni wakiwa salama na wameshiba mihogo ya watu.

Hebu fikirini. Kitongoji kizima kimeamka alfajiri, kimepiga madebe mpaka mikono imekufa ganzi, na askari wa serikali amekuja kuwaokoa nguruwe. Maneno yaliyosemwa pale sitayaandika. Kijana mmoja aliuliza kama Mzee amebadili dini.

Mzee aliinuka, akaichukua bunduki, akaikunja. Risasi nyekundu ikatoka mlangoni, akaiweka chini. Kisha akainua mtutu juani akatazama ndani, akampa Baba Zuhura naye atazame.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu, Mzee. Giza."

Alikata fimbo, akaisukuma kutoka mdomoni mwa mtutu. Risasi ya njano ikatoka nyuma, ikaanguka mchangani. Baba Zuhura akainama akaiokota.

"Niliitia alfajiri," akasema. "Nilipofika hapa nikafungua, sikuiona. Nikasema imedondoka kama wenzake walivyokuwa wakidondoka kwenye mkanda. Nikatia nyekundu."

Mzee akawaeleza wote, taratibu, kingetokea nini. Hakuna aliyepiga debe tena. Mama Zuhura alipita katikati ya wanaume, akamshika mumewe mikono yote miwili mbele za watu, jambo ambalo kwetu halifanywi, akaigeuza huku na huku, viganja na migongo. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Twendeni nyumbani. Nguruwe watarudi tu."

Baba Zuhura alikuwa bado amesimama. "Lakini Mzee," akasema, "iliteleza. Si wewe uliyetufundisha kwamba inayoteleza ndiyo kavu?"

"Ni mimi," akasema Mzee Chilumba.

Safari ya kurudi hakunitania hata neno moja. Mimi niliyelalamika miaka yote, nilimwambia kule juu, "Mzee, niite basi Sista." Akasema hana nguvu hizo leo. Nilimwonea huruma. Kanuni yake haikuwa mbaya. Ilitungwa wakati risasi zote zilikuwa za karatasi na zote za namba moja, na soko likabadilika bila kuja kumuuliza. Baadaye tuliambiwa kwamba viwanda vingi huzitia ishirini rangi ya njano makusudi, kuwaonya watu. Newala hakuna aliyekuwa ametueleza maana ya onyo lenyewe.

Miezi iliyobaki kabla hajastaafu aliimaliza barabarani. Alirudi katika kila kijiji alichokuwa amefundisha, nami nikamfuata na sanduku la mifano. Aliwaambia soma kitako kwanza, namba ilingane na iliyochorwa kwenye mtutu. Ukifungua ukakuta patupu, usitie nyingine mpaka umeona mwanga upande wa pili. Njano na nyekundu zisikae mfuko mmoja. Wewe wa viatu, hata moja isikae mfukoni. Walimcheka, wanangu, walimcheka sana. Walimuuliza sasa kavu wataijuaje, walimuuliza kama nguruwe amemlipa. Aliyapokea yote, yeye aliyekuwa bingwa wa kucheka wenzake, na alipomaliza kijiji kimoja akapanda kwenda kingine.

Kijiji cha mwisho kilikuwa kile kile cha Baba Zuhura. Alipomaliza kusema, Baba Zuhura ndiye aliyeinua mkono, akiwa ameshika kikombe cha uji.

"Mzee, na yale mengine yote uliyotufundisha, ni ya kweli?"

Watu wakacheka. Mzee Chilumba akafunika sanduku la mifano.

"Ya leo ni ya kweli," akasema. "Mwakani mniulize tena."

Mwakani wake ulipofika alikuwa ameshastaafu, magoti hayamruhusu tena kushuka ukingo. Kwa hiyo Baba Zuhura alipanda mpaka ghalani kwangu, akaweka bunduki mezani kwa mikono yake miwili, akaniuliza mimi.